Fahamu Teknolojia ya Kugusisha: Inavyofanya Kazi na Inavyotumika Kila Siku

Abiria anayesogeza kadi kwenye geti ili apite, mteja anayelipa dukani kwa kuikaribisha simu kwenye mashine ya malipo na msafiri anayekaguliwa pasipoti ya kielektroniki mpakani, wote wanatumia familia moja ya teknolojia: mawasiliano yasiyotumia waya kwa masafa mafupi.

Teknolojia hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupi cha NFC, huviwezesha vifaa viwili kupashana taarifa vikiwa katika umbali usiozidi takriban sentimita 10. Kwa kawaida hufanya kazi vizuri zaidi katika sentimita nne au pungufu. Ingawa watu husema “gusisha kadi”, si lazima kadi iguse mashine, inatosha kuikaribia.

Ufupi huo wa masafa umekusudiwa. Humtaka mtumiaji akisogeze kifaa mwenyewe, na humpunguzia mtu aliye mbali nafasi ya kuingilia mawasiliano. Hata hivyo, ukaribu pekee hautoshi kulinda fedha na taarifa za mwananchi. Ulinzi kamili hutegemea pia usimbaji wa taarifa na uangalifu wa mtumiaji mwenyewe.

Chimbuko lake

NFC ilitokana na teknolojia ya utambuzi kwa mawimbi ya redio, RFID, ambayo pia hutumika katika hereni za kielektroniki za mifugo na katika kufuatilia bidhaa maghalani. Mwaka 1997 Hong Kong ilianzisha kadi ya Octopus kwa ajili ya nauli, na mwaka 2001 kampuni ya reli ya JR East ya Japani ikaanzisha kadi ya Suica. Kadi zote mbili zilijengwa juu ya mfumo wa FeliCa wa kampuni ya Sony.

Mwaka 2002 kampuni za Sony na Philips zilikubaliana kuendeleza kwa pamoja teknolojia ambayo ingeviwezesha vifaa vya aina mbalimbali kuwasiliana. Mwaka 2004 kampuni hizo, pamoja na Nokia, ziliunda jumuiya ya NFC Forum inayosimamia viwango vyake. Kwa kuwapo kwa viwango vya pamoja vya kimataifa, kadi iliyotolewa na benki ya nchi moja inaweza kusomwa na mashine ya nchi nyingine.

Inavyofanya kazi

Kadi ya kugusisha haina betri. Ndani ya plastiki yake kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa, yaani koili. Mashine ya kusomea nayo ina koili, na umeme unaopita ndani yake hutengeneza uga wa sumaku unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde, yaani megahezi 13.56.

Kadi inapoingia katika uga huo, mkondo mdogo wa umeme huzalishwa katika koili yake. Kanuni hii iligunduliwa na mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayotumika katika transfoma na jenereta. Umeme huo mdogo hutosha kuiamsha chipu.

Ili kujibu, chipu hubadilisha kiasi cha nishati inachochota kutoka kwenye uga. Mashine huyahisi mabadiliko hayo na kuyasoma kama taarifa. Kasi ya kawaida ya mawasiliano hayo ni kilobiti 106 hadi 424 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo kwa kutuma video, lakini inatosha kabisa kwa namba ya kadi, kiasi cha fedha na msimbo wa uthibitisho.

Nguvu ya uga wa sumaku hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka. Nje kidogo ya koili, umbali ukizidi mara mbili, nguvu hiyo hushuka takriban mara nane. Hii ndiyo sababu kadi iliyo nusu mita kutoka kwenye mashine ya kawaida haiamki. Chuma nacho huvuruga uga, na kadi mbili zilizobanana katika pochi moja zinaweza kuichanganya mashine.

Simu janja yenye NFC inaweza kufanya kazi kwa namna tatu: kujifanya kadi wakati wa kulipa, kusoma kadi au lebo nyingine, na kubadilishana taarifa na kifaa kingine. Ieleweke kuwa huduma za kawaida za kutuma na kupokea pesa kwa namba ya simu hazihitaji NFC, bali hupitia mtandao wa simu.

Matumizi ya kila siku

Usafiri wa umma ndiko teknolojia hii ilikoenea mapema. Jijini London, abiria walianza kulipa nauli ya basi kwa kadi za benki za kugusisha mwezi Desemba 2012, na huduma hiyo ikafika kwenye treni za chini ya ardhi mwezi Septemba 2014. Jijini Kigali, abiria wa mabasi wamekuwa wakitumia kadi ya Tap&Go. Nchini Tanzania, N-Card imetumika katika kivuko cha Kigamboni na katika viingilio vya viwanja vya michezo.

Matumizi mengine ni pasipoti za kielektroniki. Tanzania ilizindua pasipoti yake ya aina hiyo tarehe 31 Januari 2018. Chipu iliyomo huhifadhi taarifa za mwenye pasipoti pamoja na picha yake, zikiwa na saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa. Mtu akibadilisha taarifa hizo, saini haitakubali. Aidha, mashine hulazimika kwanza kusoma mistari iliyochapwa chini ya ukurasa wa picha ili kupata ufunguo wa kuifungua chipu. Kwa hiyo, taarifa za pasipoti iliyofungwa mfukoni hazisomwi kwa kupita karibu nayo.

Vilevile, teknolojia hii hutumika kufungua milango ya hoteli na ofisi, kuunganisha haraka simu na spika, na kusoma lebo zilizobandikwa kwenye bidhaa. Katika afya, baadhi ya wagonjwa wa kisukari huvaa kitambuzi kidogo mkononi na kusoma kiwango cha sukari kwa kukisogezea simu.

Usalama na mipaka yake

Katika malipo ya benki kwa kugusisha, chipu hutoa msimbo mpya kwa kila muamala. Anayenasa msimbo wa muamala mmoja hawezi kuutumia kwa muamala mwingine. Malipo kwa simu huongeza kinga: namba halisi ya kadi hubadilishwa kwa namba mbadala, na simu nyingi hudai alama ya kidole, sura au namba ya siri kabla ya kuruhusu malipo.

Hata hivyo, kwa malipo madogo benki nyingi haziombi namba ya siri, kila moja kwa kiwango chake. Kadi ikipotea, anayeiokota anaweza kuitumia hadi itakapofungwa. Kadi ya nauli isiyosajiliwa kwa jina ni sawa na fedha taslimu: salio lililomo ni la aliyeishika.

Wahalifu nao wamepata mbinu ya kuukwepa ulinzi wa umbali. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa mtandao ya ESET ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoipa jina la NGate, iliyowalenga wateja wa benki katika Jamhuri ya Czech. Waathirika walishawishiwa kupakua programu bandia ya benki, kisha kuweka kadi nyuma ya simu zao na kuingiza namba ya siri. Programu hiyo ilipeleka mawasiliano ya kadi hadi kwenye simu ya mhalifu, aliyeweza kuyatumia kutoa fedha kwenye mashine ya ATM. Teknolojia ilifanya kazi kama ilivyotengenezwa; aliyedanganywa ni mwenye kadi.

Mambo ya kuzingatia

Mtumiaji wa kadi au simu ya kugusisha anashauriwa kufanya yafuatayo:

• Asome kiasi kilichoandikwa kwenye mashine kabla ya kugusisha, na adai risiti.

• Asimkabidhi mtu mwingine kadi yake aende nayo pembeni. Mashine iletwe alipo.

• Asigusishe kadi ya benki kwenye simu kwa maelekezo ya mtu aliyempigia au kumtumia ujumbe, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi wa benki.

• Apakue programu za benki kutoka kwenye maduka rasmi ya programu pekee.

• Asajili kadi ya nauli pale huduma hiyo inapotolewa, na aweke humo salio la matumizi ya karibu tu.

• Awashe ujumbe wa taarifa za miamala, na atoe taarifa benki mara moja kadi inapopotea au fedha zinapotoka bila idhini yake.

• Azime NFC kwenye mipangilio ya simu kama haitumii.

Kwa mwenye kuzingatia hayo, kugusisha ni njia ya haraka na salama ya kulipa na kujitambulisha. Umbali wa sentimita chache humzuia mgeni asiisome kadi, lakini haumzuii mwenyewe kuisogeza mahali pasipostahili.