Balogun: Cheo Kilichogeuka Ubini

Leo tulitazame jina Balogun. Asili yake ni Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria. Mwanzo lilikuwa cheo cha mkuu wa vita, na Ibadan wanacho cheo hicho hadi leo. Watoto na wajukuu wakalishika likawa ubini, kisha likasafiri na wahamiaji hadi Uingereza, Ujerumani na Marekani. Watazameni wachezaji mpira wawili: Leon Balogun kazaliwa Berlin 1988, akaichezea Nigeria, Folarin Balogun kazaliwa New York 2001, akakulia London, akaichezea Marekani. Bendera mbili, ubini mmoja.

Basi mabibi harusi, mtoto huzaliwa popote, lakini ubini humkumbusha alikotoka. Waulizeni wazee maana ya majina yenu wangali hai.