Bei ya Dansi Moja: Historia ya Ujira wa Wacheza Dansi wa San Francisco

Karibu na bandari ya San Francisco, katika pwani ya magharibi ya Marekani, palikuwa na mtaa ulioitwa Barbary Coast, ambao mabaharia, vibarua na wasafiri wa kila jinsi waliuendea usiku kutafuta kileo na ngoma. Na katika kumbi za mtaa huo ndimo ulimochipuka utaratibu wa kumwuzia mgeni dansi moja moja kwa bei maalumu, ambao ungali hai hata leo katika vilabu vya usiku. Aghalabu tijara hii imetazamwa kwa jicho la maadili peke yake, lakini historia yake ina swali jingine lililo zito vile vile, nalo ni hili: fedha aitoayo mgeni humfikia nani?

Kabla ya mwaka 1913, kazi hasa ya mwanamke katika kumbi zile ilikuwa kuuza vinywaji. Akisha kucheza na mgeni alimwongoza mpaka penye kaunta, na ijara yake ikawa sehemu ndogo ya thamani ya vileo alivyomnunulisha. Mwezi wa Septemba mwaka huo, wakuu wa polisi wa mji walipiga marufuku dansi katika nyumba za mtaa ule zilizouza vileo. Nao baadhi ya wenye kumbi, walipozuiwa kuchanganya kinywaji na dansi, wakaifanya dansi yenyewe kuwa bidhaa, wakaikatia tikiti.

Katika miaka ya 1920 utaratibu huo ulikwisha kuenea Chicago, New York na Los Angeles. Paul Cressey, aliyeanza kuzichunguza kumbi za Chicago mwaka 1925 na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1932, ameeleza kwa makini mambo yalivyokwenda. Mgeni alinunua tikiti za senti 10 kila moja, akamchagua msichana amtakaye miongoni mwa waliongoja kandokando, wakacheza mpaka muziki ukome, muda ambao haukuwa mrefu hata kidogo; na akitaka kuendelea alitoa tikiti nyingine. Tikiti ilichanwa vipande viwili: kimoja kilibaki kwa ukumbi, na kingine msichana alikichopeka ndani ya soksi yake ya hariri, hata usiku ukiwa mkubwa vipande vile vikafanya uvimbe mguuni. Alipofunga kazi alivihesabu, akalipwa senti 5 kwa kila kimoja, na nusu ya pili ikawa ya mwenye ukumbi. Mapato yake yaliweza kuyashinda ya msichana wa kiwandani au dukani. Na lililo muhimu zaidi ni kwamba hesabu yake aliishika mkononi, na hakuna aliyeweza kuikana.

Wageni wengi wa kumbi hizo walikuwa wanaume waliokuwa mbali na jamaa zao, wakiwemo Wafilipino waliokwenda kulima mashamba ya California, ambako wanawake wa kwao walikuwa haba na jamii ya wazungu haikuwapa makaribisho. Walionunua dansi walinunua pia kitambo cha kuheshimiwa, na hata hicho kiliwaponza. Mwezi wa Januari mwaka 1930, katika mji wa Watsonville, California, chuki iliyochochewa na ukumbi mmoja ambamo Wafilipino walicheza na wanawake wa kizungu ilizusha ghasia za siku kadhaa, na kijana Fermin Tobera akauawa kwa risasi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kumbi za tikiti zilififia, na vilabu vya wacheza uchi vikachukua mahali pake. Mwaka 1969 ndugu wawili, Jim na Artie Mitchell, walifungua O'Farrell Theatre mjini San Francisco, na baadaye nyumba hiyo ikawa mashuhuri kwa wachezaji walioshuka jukwaani wakacheza karibu kabisa na mgeni. Hivi ndivyo kazi hii inavyofanyika mpaka sasa: mwanamke hupita meza kwa meza, huketi, humwuliza mgeni jina lake na atokako, na mazungumzo yakikolea humwalika kwa dansi ya faragha. Kipimo chake ni kile kile cha zamani, yaani wimbo mmoja. Na aliye hodari humshawishi mgeni aongeze wa pili, au ahamie chumba cha pembeni kinachouzwa kwa muda mrefu zaidi.

Lakini mgawanyo wa fedha uligeuka. Vilabu vingi viliwaita wachezaji watu waliojiajiri wenyewe, vikaacha kuwalipa mshahara, kisha vikawatoza ada ya jukwaa, kama mchuuzi alipavyo ushuru wa soko kabla hajapanga bidhaa yake; hata mwanamke aliweza kufanya kazi usiku kucha akarudi nyumbani na deni. Wachezaji wa O'Farrell walikwenda mahakamani, na mwaka 1998 wakaafikiana na klabu iwalipe dola milioni 2.85. Wenzao wa klabu ya Lusty Lady, katika mji huo huo, waliochoshwa na upendeleo pamoja na wageni waliowapiga picha kwa siri kupitia vioo vilivyowaficha, walipiga kura mwaka 1996 kujiunga na chama cha wafanyakazi, na mwaka 2003 wakainunua klabu wakaiendesha kwa ushirika mpaka ilipofungwa mwaka 2013.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya California iliwawekea waajiri mizani kali ya kuthibitisha kwamba mtu amejiajiri, na mwaka 2023 wachezaji wa klabu ya Star Garden, Los Angeles, walipata uwakilishi wa chama cha waigizaji wa majukwaani. Mwenye kuionea haya kazi hii ana haki ya rai yake. Hata hivyo haya yetu haipunguzi jasho la mtu, wala haihalalishi dhuluma. Na kila tunapomnyima mfanyakazi hesabu yake kwa kuwa kazi yake haina staha machoni petu, anayenufaika ni yule anayemtoza.