Nafuu Kuliko Nini? Historia ya Bei ya Umeme wa Jua kwa Mtazamo wa Soko la Kenya

Wanahistoria wa teknolojia wanapoeleza namna umeme wa jua ulivyopata uwezo wa kushindana kwa gharama, aghalabu huanza na tarehe 25 Aprili 1954, siku ambayo maabara ya Bell nchini Marekani ilionesha hadharani seli ya silikoni iliyogeuza takribani asilimia 6 ya nguvu ya mwanga wa jua kuwa umeme. Kutoka hapo simulizi hushuka pamoja na bei hadi zama zetu. Simulizi hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba haituambii umeme huo ulikuwa nafuu kuliko nini, wala kwa nani.

Mteja wa kwanza hakujali bei. Betri za kawaida za setelaiti ya Vanguard 1, iliyorushwa Machi 1958, zilikwisha nguvu baada ya miezi michache, ilhali mtambo wake mdogo uliotumia seli za jua uliendelea kutuma mawimbi hadi 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Elliot Berman, kwa ufadhili wa kampuni ya mafuta ya Exxon, alifaulu kuteremsha bei kutoka takribani dola 100 kwa wati hadi dola 20 hivi. Walionunua ni wenye maboya ya kuongozea meli na majukwaa ya kuchimba mafuta baharini. (Kwamba mafuta yaliilea sola ni jambo ambalo pande zote mbili hazipendi kulikumbuka.) Dola 20 kwa wati ni bei ya kutisha ukiilinganisha na gridi, lakini mshindani pale baharini alikuwa betri iliyopaswa kubadilishwa kwa mashua. Kwa hiyo sola ilikuwa nafuu tayari miaka hamsini iliyopita, mahali fulani, kwa watu fulani.

Anguko kubwa la bei lilikuja baadaye, na halikutokea lenyewe. Sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika Aprili 2000 ilimhakikishia mzalishaji wa umeme wa jua pfennig 99 kwa kila kilowati-saa kwa miaka ishirini, na gharama hiyo ikabebwa na watumiaji wote wa umeme nchini humo. Soko hilo la uhakika ndilo lililovipa viwanda vya China sababu ya kupanuka. Wataalamu husema bei ya paneli hushuka kwa takribani asilimia 20 kila jumla ya uzalishaji inapoongezeka maradufu. Usemi huo hufanana na kanuni ya maumbile, ilhali kila ongezeko maradufu lilihitaji mtu wa kulilipia. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, gharama ya umeme wa mitambo mikubwa ya jua ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya 2010 na 2020.

Kenya haikungoja anguko hilo. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins waliweka taa za sola katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, kwenye ukanda wa Mlima Kenya, na mafundi wa huko wakajifunza kazi. Walimu na wakulima wa kahawa na chai waliofuata walinunua kwa fedha taslimu, pasipo ruzuku ya kutajika, mara nyingi paneli ya wati 12 na betri ya gari. Wengi walitaka televisheni kabla ya taa, jambo lililowashangaza wafadhili lakini si majirani. Mizani yao ilikuwa mafuta ya taa, betri kavu za redio, na safari ya kupeleka betri mjini kuchajiwa.

Hesabu inadhihirisha zaidi tukifika kwenye mauzo ya malipo ya kila siku kwa simu, yaliyoanzishwa na M-KOPA mwaka 2012. Tuchukue kifurushi cha paneli ya wati 8 kilicholipiwa shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mmoja. Kwa saa tano za jua kali, paneli hiyo hutoa wati-saa 40. Ukiacha malipo ya awali, na ukisahau kwamba bei hiyo ilijumuisha taa na redio, mnunuzi alilipa shilingi 1,250 kwa kilowati-saa katika mwaka huo, mara kadhaa ya kumi ya bei ya gridi. Hata hivyo hakudanganywa, kwani baada ya mwaka chombo kilikuwa chake, na koroboi haikuwa na siku ya kumaliza deni. Gridi nayo, hata pale ambapo nyaya zilipita juu ya shamba lake, ilidai shilingi 35,000 za kuunganishwa, hadi zilipopunguzwa kuwa 15,000 mwaka 2015.