Mswaki, Tambuu na Sukari: Urithi wa Kinywa Chetu

Kila Ijumaa, kabla sijateremka kutoka kilima cha Observatory kwenda kuswali Fordsburg, huchukua kijiti cha mswaki, nikakimenya gome kwenye ncha, nikaitafuna ncha hiyo mpaka nyuzi zake zikalainika. Ndivyo nilivyomwona Bibi akifanya kule Unguja, ukumbini kwake, kabla ya adhana ya alfajiri. Nilipokuwa mdogo aliniambia kwamba mswaki ni kitu chetu: wazee wetu walipopanda jahazi Maskati walikuwa na msahafu, jambia na kifurushi cha miswaki, na watu wa pwani wakajifunza usafi wa kinywa kutoka kwao. Kisa hiki nimekisimulia mimi pia, mara nyingi na kwa fahari. Leo nataka kukirekebisha. Sikusudii kumkadhibisha Bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nataka kusema tu kwamba kinywa tulichorithi kina mambo mengi kuliko kijiti kimoja, na baadhi ya mambo hayo si ya kujivunia.

Tuanze na neno, kwa kuwa katika neno Bibi alikuwa na haki yake. Mswaki limetokana na Kiarabu, siwaki au miswaki, kutokana na kitendo cha kusugua. Kiswahili kililipokea na kuliingiza katika ngeli ya miti, mswaki na miswaki, kana kwamba lilizaliwa humo. Limeshika mizizi kiasi kwamba vitu vya kigeni vilipokuja havikuweza kuling'oa. Baiskeli ilikuja na jina lake, soksi na sigara vivyo hivyo. Lakini brashi ya meno yenye nyuzi za nailoni, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938, ilipofika kwetu ilikuta jina linaisubiri. Hata leo mtoto wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuona kijiti hupiga mswaki kila asubuhi.

Dini nayo ililipa neno hilo uzito. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa lau si kuuonea taabu umma wake angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Imepokewa pia kwamba katika saa zake za mwisho aliutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa shemeji yake, Abdurrahman, na Bibi Aisha akaelewa, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake mwenyewe na kumpa. Bibi yangu hakukisimulia kisa hiki bila ya kutokwa na machozi. Alipokuwa amezeeka na meno yake kubaki machache, mama yangu ndiye aliyekuwa akimlainishia kijiti.

Lakini neno ni jambo moja na mti ni jambo jingine. Mti ambao wataalamu huuita Salvadora persica haukupandwa na wazee wetu. Unaota wenyewe katika nchi kavu, kutoka Bara Hindi na Uarabuni hadi Somalia, Kenya na Tanzania, na kusini hadi Namibia. Wasomali husafisha meno kwa kijiti chake na kukiita caday. Wamasai huuita mti huo oremit, nao hawakufundishwa kuutumia na jahazi lolote. Pale ambapo haukupatikana, watu wa pwani walikata vijiti vya mzambarau au mwarobaini, miti iliyotoka India. Kwa hiyo kijiti cha Bibi kilikuwa na jina la Kiarabu, mti wa Kiafrika na jamaa wa Kihindi. Wazee wetu walipofika pwani hawakuwakuta watu wenye vinywa vichafu wanaosubiri kufundishwa. Waliwakuta watu wenye vijiti vyao, wakaleta jina na sunna.

Sasa niseme jambo ambalo Bibi hakuliunganisha na mswaki. Pembeni ya mkeka wake wa kuswalia palikuwa na kijaluba cha shaba, na ndani yake majani ya tambuu, popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku. Akimaliza sala na uradi, alikunja tambuu yake na kuitia shavuni. Uraibu huu ni mkongwe kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa majani ya tambuu na popoo, na aliandika jambo hilo kama mtu anayetambua ukarimu wa watu wastaarabu. Harusi zetu hazikukamilika bila ya tambuu, na midomo myekundu ilihesabiwa kuwa pambo.

Hata hivyo popoo si pambo tu. Mwaka 2004 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani ilithibitisha kwamba popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Kabla ya kufika huko hukausha na kukaza ngozi ya ndani ya shavu mpaka mtu akashindwa kufunua kinywa sawasawa. Bibi alipokuwa akilalamika kwamba mashavu yake yamekuwa magumu, sisi tulidhani ni uzee. Basi mkono uleule uliosafisha kinywa mara tano kwa siku ndio uliokitia madhara katikati ya sala na sala, na vyote viwili tuliviita mila.

Kitu cha tatu ni sukari. Wazee wa ukoo walinywa kahawa chungu na kula tende, na halua ililetwa siku za heshima. Katika karne ya 19 hali ilianza kubadilika. Katika bonde la Mto Pangani matajiri wa Kiarabu walilima miwa, na sukari na asali yake zikauzwa pwani na ng'ambo. Miwa hiyo haikukatwa na wenye mashamba. Ilikatwa na watumwa, kama ilivyokuwa kwa karafuu za Unguja na Pemba. Ukoo wangu ulikuwa na shamba la mikarafuu Pemba, na najua kwamba mikono iliyochuma karafuu zile haikuwa ya ukoo wangu.

Sukari ilipopungua bei iliingia katika chai ya kila siku, na hapo ndipo mswaki ulipokutana na adui asiyemzoea. Katika ukoga, ule utando wa manjano unaoganda juu ya meno, huishi bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha gamba gumu la jino kidogo kidogo. Mate hujitahidi kulirekebisha, lakini yanahitaji muda. Ndiyo maana anayekunywa kikombe kimoja cha chai tamu pamoja na chakula huumia kidogo kuliko anayenywa kikombe kilekile kwa kuonjaonja tangu asubuhi hadi jioni. Kaimati na halua baada ya futari si balaa. Balaa ni kuendelea kuzidokoa mpaka daku, kisha kulala.

Nimewataja watumwa, na siwezi kuandika historia ya kinywa nikawaacha shambani. Mwaka 1811 nahodha Mwingereza, Thomas Smee, alifika Unguja na kulieleza soko la watumwa aliloliona. Wanunuzi walimchunguza mtu mwili mzima, na miongoni mwa walivyovikagua ni kinywa na meno yake. Meno mazima yalipandisha bei. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimekulia katika nyumba ambamo meno safi yalikuwa alama ya dini na heshima, na hapa nilikuwa nikisoma kwamba katika mji uleule meno safi yalikuwa alama ya bidhaa nzuri. Mnunuzi aliyefunua kinywa cha mtu kwa kidole pengine alikuwa amepiga mswaki asubuhi hiyo.

Soko hilo lilifungwa baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni 1873. Mwaka huohuo ndipo historia ya Unguja ilipofika Afrika Kusini. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na kati ya 1873 na 1880 mamia ya waliokombolewa, wengi wao Wamakua, walishushwa Durban. Hawakurudishwa kwao. Waliwekwa katika mikataba ya kazi Natal, koloni ambalo tangu 1860 lilikuwa likiwaingiza Wahindi kwa ajili ya miwa. Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu, wakajenga maisha yao Kings Rest, katika Bluff, na wakaitwa Wazanzibari ijapokuwa Unguja kwao ilikuwa njia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha hadi Chatsworth.

Miaka michache iliyopita, nje ya msikiti kule Fordsburg, nilikutana na mzee mmoja wa jamii hiyo aliyekuja Johannesburg kumtembelea binti yake. Tulisalimiana kwa Kiarabu na kuzungumza kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa maneno machache na Kimakua changu si kitu. Aliuona mswaki mfukoni mwangu akatabasamu. Mimi, kwa mazoea, nikamwambia kwamba ni kitu chetu, tulikileta kutoka Uarabuni. Akaniuliza kwa upole, "Chetu nani, mwanangu?" Kisha akaniambia kwamba bibi yake, pale Kings Rest, alikuwa akikata vijiti vichakani nyuma ya nyumba na kuwafundisha wajukuu kusugua meno, na kwamba alisema amefundishwa na mama yake, naye na mama yake. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa kijiti kimoja kati ya viwili nilivyokuwa navyo, akakipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuuchukua urithi huu kama ulivyo, kwa wema wake na ubaya wake, na nimeona kwamba hata mwili hunufaika na ukweli. Maana fahari iliwahi kunidhuru. Daktari wa meno hapa mjini alinionyesha kwa kioo jinsi fizi zangu zilivyorudi nyuma, upande wa kushoto zaidi, na mashina ya meno yakabaki wazi. Hakuulaumu mswaki, alilaumu mkono wangu. Nilikuwa nikisugua kwa kijiti kikavu, kwa nguvu, kulia na kushoto kama anayekwangua nazi, nikiamini kwamba kitu kitukufu hakiwezi kuumiza.

Kwa hiyo nyumbani kwetu desturi imebaki lakini imetengenezwa. Kijiti hulowekwa kwanza. Ncha yake ikichakaa hukatwa na kutafunwa upya. Hupitishwa taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, nje na ndani, na magego hayasahauliwi, kwani ndiko kijiti kinakofika kwa shida. Utomvu wake wenye ukali kama wa haradali huwapunguza bakteria, na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 lilihimiza vijiti hivi vitumike pale ambapo ni desturi ya watu. Lakini kijiti peke yake hakitoshi kwa watu wanaokula sukari kama sisi. Asubuhi na kabla ya kulala tunatumia brashi laini na dawa yenye floraidi kwa dakika mbili, tunatema bila ya kusukutua sana ili dawa ibaki, na uzi hupita katikati ya meno. Mtoto chini ya miaka mitatu hupakiwa dawa kiasi cha punje ya mchele tu. Fizi zikitoa damu hatuachi kupiga mswaki, kwa kuwa mara nyingi damu ni dalili ya ukoga ulioachwa. Na damu isipokoma, tunakwenda kwa daktari. Mwenye kisukari huenda mapema zaidi, maana ugonjwa wa fizi na kisukari huchocheana.

Sukari tumeipimia. Shirika hilo lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Nilipohesabu vikombe vyangu vya chai nilikuta nimevuka kabla ya adhuhuri. Kijaluba cha Bibi kipo sebuleni, kimesuguliwa kinang'ara, na ndani yake mke wangu huweka hiliki.

Binti yangu ana miaka minane. Juzi, tukiwa tumeketi barazani, jua likizama nyuma ya kilima, aliniomba nimlainishie mswaki wake wa kwanza. Nikautafuna, nikampa. Akauliza umetoka wapi. Zamani ningemjibu kwa neno moja. Safari hii nilianza na mti, nikaja kwenye jahazi, nikafika sokoni na Durban, na usiku ukaingia sijamaliza. Alikuwa bado ameushika mkononi. Nikamwambia apige kwanza, taratibu, tutaendelea kesho.