Familia ya Zwager na Mvuke wa Olkaria

Maonyesho ya Kilimo yakifika hapa Jamhuri Park, vijana wetu hujazana mbele ya vivungulio, zile nyumba za plastiki za kukuzia mimea, na swali huwa moja: mtaji utatoka wapi? Basi tazama familia hii ya Naivasha, ambayo haikuanza na vivungulio hata kidogo.

Mwaka 1969 Hans Zwager, Mholanzi, na mkewe June walinunua shamba la Oserian kando ya ziwa. Kwa Kimaasai jina hilo ni amani. Ndani yake mlikuwa na jumba jeupe la miaka ya 1920, la mtindo wa Waislamu wa Andalusia, nao wazungu wa zamani wakaliita Kasri la Majini (audhubillah!). Familia ilianza kwa mboga. Maua yalikuja 1982, miaka 13 baadaye.

Sasa, adui wa waridi kule Naivasha ni usiku. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, kuna baridi na umande. Unyevu ukituama kwenye majani, kuvu huingia, na ua lenye doa Ulaya halina mnunuzi. Kuchoma mafuta usiku kucha nako ni kujifilisi. Lakini Olkaria, jirani tu, serikali ilikuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 familia ikakodi kisima kimoja cha KenGen. Mvuke unachemsha maji, maji yanapita kwa mabomba ndani ya vivungulio, hewa inakauka. Hata gesi ya kaboni inayotoka kisimani ikapewa mawaridi, maana mmea hujijenga kwa gesi hiyo. Eneo lililopashwa joto lilifika hekta 50. Subhanallah, moto huo ulikuwa chini ya miguu ya watu wote!

Lakini udongo na ziwa pekee havitoshi. Shamba jingine hapo hapo Naivasha, Sher, liliuzwa 2007 kwa kampuni ya Karuturi ya India. Kufikia 2014 lilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa benki kwa sababu ya madeni. Sisi ambao dini yetu imehimiza ujira usicheleweshwe tuisome habari hiyo polepole, kwani walioumia kwanza ni vibarua, waliogoma wakidai mishahara yao.