Klachi na flaiwili za gari la spoti la zamani: Jinsi ya kuzibadilisha bila majuto

KATIKA historia ya mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka wa 1953, ni magari machache yaliyojijengea jina kama Datsun 240Z. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka wa 1971, naye Shekhar Mehta akarudia ushindi huo mwaka wa 1973 baada ya kulingana alama na Harry Källström, aliyeendesha Datsun 180B.

Zaidi ya nusu karne baadaye, anayelitunza gari la aina hiyo Diani, Ukunda au Msambweni hukabiliwa na mashindano ya namna nyingine: kutu, unyevu, mchanga na uhaba wa vipuri. Miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema ni klachi pamoja na flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya krankishafti.

Makala haya yanaeleza kazi ya kuzibadilisha, yakichukua 240Z kuwa mfano. Utaratibu wake haupishani sana na wa magari mengine ya enzi hiyo yenye injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma.

Kazi ya klachi

Klachi huunganisha nguvu za injini na giaboksi, na kuzitenganisha dereva anapokanyaga pedali. Sahani yenye nyuzi za msuguano hubanwa baina ya flaiwili na presha pleti. Pedali ikikanyagwa, beringi husukuma springi za presha pleti, nayo sahani huachiliwa.

Flaiwili ina kazi tatu: kuifanya injini izunguke kwa ulaini, kuwa uso wa kubania sahani, na kubeba meno ambayo stata huyashika injini inapowashwa.

Kwa nini Pwani huidhuru

Foleni ya kivuko cha Likoni hudai gari lisogee hatua kwa hatua, kisha lipande mteremko wakati wa kushuka ferini. Dereva anayelizuia gari kilimani kwa klachi badala ya breki ya mkono huila sahani pasipo kujua. Barabara ya Dongo Kundu imewapa wengi njia mbadala, lakini mwinuko wa kutoka Kombani hadi mji wa Kwale ungali pale pale.

Adui wa pili ni kuegesha. Gari likikaa miezi kadhaa karibu na bahari, hewa yenye chumvi huushika uso wa flaiwili kwa kutu, na sahani huweza kugandana nayo. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hutumika kwenye mfumo wa klachi, nayo hufyonza unyevu na kuozesha silinda zake kwa ndani.

Pima kabla ya kufungua

Dalili kuu ya sahani iliyokwisha ni mlio wa injini kupanda ilhali mwendo hauongezeki, hasa mlimani, pamoja na harufu ya kuungua. Ili kuyakinisha, simamisha gari mahali tambarare pasipo mtu mbele, funga breki ya mkono, tia gia ya juu, kisha achilia klachi polepole. Injini nzima inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Jaribio hili lisirudiwe rudiwa, kwa kuwa nalo huunguza.

Gia zikikataa kuingia au zikilia, usikimbilie kushusha giaboksi. Tazama kwanza kama silinda ya juu au ya chini inavuja. Wengi wamegharamika kwa klachi nzima wakati kosa lilikuwa kipande kidogo cha mpira.

Usalama kwanza

Kazi hii hufanywa chini ya gari, na hapo ndipo roho za watu hupotea. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gari liwekwe juu ya stendi nne za chuma, kwenye sakafu ya saruji. Mchanga wa Diani hudidimia, na tofali la matumbawe, ambalo hutumiwa kwa wepesi kwa kuwa limejaa kila ua, huweza kupasuka ghafla.

Hatari ya pili haionekani. Sahani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani, baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa, kisha ukifunge kitambaa hicho ndani ya mfuko. Wanafunzi wa ufundi, ambao aghalabu ndio hupewa kazi ya kusafisha, waelezwe jambo hili mapema.

Kushusha giaboksi

Ng'oa waya wa betri kabla ya yote. Ndani ya gari, ondoa mkono wa gia. Chini, fungua bomba la moshi, kisha propela kwenye difu baada ya kuitia alama ili irudi ilivyokuwa. Mwaga mafuta ya giaboksi, kwani yatatiririka propela ikichomolewa.

Fungua kebo ya spidi, nyaya za taa ya kurudi nyuma, stata na silinda ya chini ya klachi. Tegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao, halafu ondoa mhimili ulio nyuma ya giaboksi. Bolti za mwisho zikitoka, giaboksi ivutwe nyuma ikiwa imenyooka. Huu si mzigo wa mtu mmoja, wala isiachwe ining'inie kwenye shafti yake.

Hukumu ya flaiwili

Legeza bolti za presha pleti kidogo kidogo kwa zamu, kisha utazame uso wa flaiwili. Madoa ya buluu na mikwaruzo midogo huondolewa na fundi wa kukereza vyuma. Iwapo kuna ngazi baina ya uso wa msuguano na mahali presha pleti inapofungwa, tofauti hiyo ya kimo ihifadhiwe.

Nyufa ndefu, hasa zinazofika kwenye matundu ya bolti, ni habari nyingine. Flaiwili inayopasuka injini ikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika huweza kutoboa giaboksi na kufikia miguu ya dereva. Hapo itupwe, hata kama ya badala yake itasubiriwa kwa miezi.

Wapo wanaotaka ipunguzwe uzito ili injini iitike upesi. Kwa mashindano hilo lina maana. Kwa gari la kwenda Ukunda na kurudi, hufanya kuondoka kilimani kuwe kwa taabu.

Ukiwa hapo, badilisha sili ya nyuma ya krankishafti na kibushi cha shaba kinachobeba ncha ya shafti ya giaboksi. Ni vitu vidogo, lakini mafuta yakivuja juu ya sahani mpya, kazi yote huanza upya.

Mtego wa beringi

Katika familia ya magari haya, beringi hukaa juu ya shingo ya chuma, na shingo hizo zina urefu tofauti kulingana na aina ya presha pleti. Ukichanganya shingo ya aina moja na presha pleti ya nyingine, klachi haitaachia au haitashika. Kwa hiyo usitupe shingo ya zamani kabla ya kulinganisha kimo cha presha pleti mpya na kile cha iliyotoka.

Kurudisha

Safisha flaiwili isibaki na grisi. Kaza bolti zake kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Upande wa sahani wenye springi zilizotokeza hutazama giaboksi. Ikae katikati barabara kwa kutumia kifaa cha kulinganishia, kisha presha pleti ikazwe kwa zamu. Grisi kidogo mno hupakwa kwenye meno ya shafti. Ikizidi, itarushwa kwenye sahani.

Jaza giaboksi mafuta ya daraja la GL-4. Yale ya GL-5 huweza kudhuru sehemu za shaba za giaboksi za zamani. Mwisho, tia mafuta mapya ya breki na utoe hewa yote kwenye mfumo.

Kwa kilomita 500 hadi 800 za mwanzo, usiondoke kwa kishindo wala kuvuta mzigo. Na ukifika mlimani penye foleni, vuta breki ya mkono. Gharama yake ni ndogo kuliko ya giaboksi kushushwa mara ya pili.