John Schommer: Mjue Staa wa Basketi Aliyeishia Kufunza Mainjinia

Ile shoti ya Tylor Ongwae ya Februari 2021 kule Yaoundé, Kenya 74, Angola 73, kila msee anaikumbuka. Lakini je, ushawahi kujiuliza nani alifikiria ile bodi iliyo nyuma ya ringi? Jina unalofaa kujua ni John Schommer.

Ni nani huyu?
Alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1884. Basketi yenyewe ilikuja baadaye, 1891, mwalimu James Naismith alipoangika vikapu vya kuwekea matunda ukumbini Springfield. Kwa hivyo Schommer alikua na mchezo wenyewe ukikua.

Chuoni alitisha
Akiwa Chuo Kikuu cha Chicago alicheza senta, chini ya kochi Joseph Raycroft. Aliongoza ligi yao kwa pointi misimu 3 mfululizo, 1907 hadi 1909. Msimu wa mwisho timu ilicheza mechi 12 na haikupoteza hata moja. Na si basketi tu, jamaa alikuwa pia kwa futboli ya Kimarekani, besiboli na riadha.

Elewa kitu kimoja: NCAA haikuwa na mashindano ya kitaifa ya basketi hadi 1939. Ubingwa wa Chicago wa 1907, 1908 na 1909 ulitambuliwa miaka mingi baadaye na taasisi ya Helms, ambayo pia ilimtaja Schommer mchezaji bora wa 1909.

Mpira uliisha, kazi ikaanza
Enzi hizo hakukuwa na NBA ya kukupa mamilioni. Ukimaliza chuo, unatafuta kazi kama watu wengine. Schommer alikuwa na kemia kichwani, akaingia Armour Institute, chuo cha mainjinia cha Chicago ambacho 1940 kiliungana na kingine kikawa Illinois Institute of Technology. Hapo alifunza kwa miongo mingi na kusimamia michezo. Wikendi alikuwa refa wa futboli.

Stori ya bodi
Mwanzoni vikapu viliangikwa kwenye ukingo wa roshani, na mashabiki waliokaa juu walikuwa wakiugusa mpira ili kusaidia timu yao. Bodi ililetwa kuwazuia. Wachezaji wakagundua inarudisha mpira vizuri, mchezo ukabadilika. Schommer ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa bodi ya kisasa. Fikiria: mtu aliyejua mpira unavyogonga na sayansi ya kuueleza.

Mwaka wa 1959 aliingia kwenye kundi la kwanza la Hall of Fame ya basketi, pamoja na Naismith mwenyewe. Aliaga Januari 1960.

Yako ni gani hapa?
Kama uko Ogembo na kila jioni nyumbani ni vita, mzazi anasema vitabu, wewe unasema mpira, mwonyeshe huyu msee. Hakuchagua kimoja. Na kama shule yenu haina koti, fundi wa jua kali anaweza kuanza na vipimo hivi: bodi mita 1.80 kwa 1.05, ringi mita 3.05 kutoka chini. Kupima na kuchomelea vizuri pia ni uinjinia, buda.